Sanduku la Nauli Lililohamiwa na Nyuki

Kinyozi wa mtaa wetu alisema siwezi kuendesha hata banda la kuku bila mtu wa kulilinda, sembuse stesheni ya gari moshi. Aliyasema hayo wembe ukiwa shingoni mwangu, kwa hiyo sikumjibu. Mjomba wangu, aliyekuwa karani wa mizigo tangu enzi za wakoloni, alisema kabla mvua hazijakatika nitakuwa nimerudi kwake kuomba kazi ya kuhesabu magunia. Makarani wenzangu walikuwa wakiniona nimepita na koti langu, wanaulizana kwa sauti ili nisikie: "Huyu si ndiye aliyekula samaki wabichi miaka miwili? Baridi ya kule imempanda kichwani."

Wengi wao wamekwisha kusahau walichosema. Mimi sijasahau.

Mimi ni mtoto wa fundi viatu wa Tabora mjini, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilisoma kwa kibatari. Niliingia reli kama mfagiaji wa mabehewa, nikajifunza Kiingereza kwa kusoma nyaraka zilizotupwa chini ya viti, nikafanya mtihani ambao waliovaa tai waliushindwa, na nikawa mtu wa kwanza mtaani kwetu kwenda Japani na kurudi na stashahada ya uendeshaji wa reli. Babu yangu aliwahi kutembea hadi Ujiji na mzigo wa watu wengine kichwani. Mimi nilikwenda mbali kuliko yeye, na mzigo niliorudi nao ulikuwa wangu mwenyewe.

Chuo chetu kilikuwa mjini, lakini chumba nilichopewa kilikuwa shamba, kati ya vilima na majaruba ya mpunga. Kila asubuhi nilipanda treni kwenye kituo kidogo kisicho na mtumishi. Hapakuwa na stesheni masta, wala karani wa tiketi, wala mpokea mizigo. Palikuwa na kibanda cha mbao, benchi lenye mito iliyoshonwa kwa vitambaa vya rangi, saa ukutani, ufagio umetundikwa kwenye msumari, na kisanduku chenye tundu jembamba. Abiria alidumbukiza nauli yake tunduni, basi. Treni ya behewa moja ilikuja, ikasimama, ikaondoka. Theluji ilipoanguka nilikaa pale peke yangu nikitazama reli zinavyofunikwa, nikajiona kama furushi lililosahauliwa ghalani. Lakini treni ilikuja. Siku zote ilikuja, na siku zote sakafu ilikuwa imefagiwa. Wanafunzi wenzangu waliona kibanda tu. Mimi niliona kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Nyumbani wakati huo vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kila upande. Kwenye njia ya reli inayotoka Kaliua kwenda Mpanda, katikati ya miombo, warina asali waliokuwa wametawanyika porini walikusanywa wakapangwa kando ya reli. Waliahidiwa shule, zahanati na treni. Treni ilikuwepo, na kituo chenye kibanda kilikuwepo kwenye ratiba, ila treni ilipita bila kusimama, kwa sababu ofisi haikuwa na mtumishi wa kumweka pale. Asali yao na nta yao ilikwenda Kaliua kichwani, safari ya kulala njiani.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia, "Mzee, nipe kile kituo. Sitakuomba mshahara wa mtu hata mmoja."

Alinitazama juu ya miwani. "Na nauli atakusanya nani? Tumbili?"

"Sanduku."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema jambo ambalo hakulisema kwa mzaha: nijaribu mpaka mwisho wa masika. Mvua zikikatika nimletee mwenyewe, kwa mkono wangu, nauli iliyokusanywa. Nikishindwa, jina la kituo litafutwa kwenye ratiba na halitarudi, na mimi nitakwenda ghalani kwa mjomba wangu. Nikakubali pale pale.

Sanduku nililibuni mwenyewe. Lilikuwa la mbao za mninga, refu kama mkono, lenye tundu jembamba la nauli, na ubavuni lilikuwa na kijilango cha kutolea bendera. Maana treni isingesimama bure. Abiria alitakiwa kuchukua bendera ya kijani, kuipunga, kisha kuirudisha. Nyekundu sikuitaka, nyekundu ni ya hatari. Na kwa kuwa najua watu wetu, niliandika waraka kwa madereva: dereva asisimame kwa kupungiwa nguo ya aina yoyote, iwe shati, kanga au kilemba, ila kwa bendera ya kijani tu. Waraka ule ulikuwa mzuri. Bila huo treni ingesimama kila penye mtu anayekausha shuka. Nilichapa chapa ya reli kwenye ubao kwa chuma cha moto, nikalitundika sanduku kwenye mti wa miombo uitwao mtundu, kando ya kibanda, juu kidogo mbuzi wasilifikie, nikawahutubia wanakijiji, nikarudi Tabora.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilipanda treni kwenda kuchukua makusanyo. Nilimwomba gadi anishushe, nikakusudia kurudi na treni ile ile itakapotoka Mpanda kesho yake. Nilivaa koti langu la Japani na viatu alivyonishonea baba. Sikubeba hata shati la pili.

Nilipolikaribia sanduku nilisikia linanguruma.

"Usisogee na koti hilo jeusi," sauti ilisema nyuma yangu. "Hawapendi rangi nyeusi." Alikuwa mrina asali mmoja, mtu mfupi mwenye panga begani, na uso wake ulijaa furaha kama wa mtu aliyekuandalia karamu. "Karibu, Mjapani! Mzinga wako umeingia nyuki. Wiki ya pili tu, kundi kubwa!"

"Mzinga gani?"

"Huu. Hotuba yako ilitupita kichwani, ila tuliona umetundika, tukasema, mgeni naye ni mtu wa kazi. Tundu lake zuri, chapa yake ipo. Nikaupaka nta mlangoni, maana nyuki wa msitu huu hawaingii nyumba isiyonukia. Nisingeacha mzinga wa jirani ukae mtupu."

Nikamuuliza, na nauli je? Watu walikuwa wanaweka wapi nauli?

Akashangaa. "Nani atatia mkono kwenye mzinga wa mtu? Mzinga wenye chapa hufunguliwa na mwenyewe. Ukiukuta porini hata miaka kumi, unaupita."

Katika nchi ile kila mtu ana mizinga yake imetundikwa mitini, na chapa ya mwenyewe ndiyo kufuli. Sanduku langu lilikuwa limeheshimiwa kuliko kitu chochote pale kijijini. Hakuna aliyelifungua. Wala hakuna aliyesafiri, kwa sababu bendera ilikuwa humo humo ndani.

Kesho yake adhuhuri treni ilitokea. Nilijaribu kufungua kijilango, nikaumwa usoni na mikononi, nikakimbia. Nilivua koti nikalipunga. Dereva alinitazama vizuri kabisa, akatikisa kichwa, akapita. Dereva alikuwa anafuata waraka.

Jioni yule mrina alinipa mwenge wa magome, na kwa kuwa mwenye chapa ni mimi, nilipanda mimi. Niliona fahari kufanya hivyo bila kulia. Nilifukiza, nikaingiza mkono, nikatoa bendera. Nyuki walikuwa wamejenga masega juu yake. Niliifua mtoni kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, lakini nta haikutoka. Ilibaki na rangi ya chai ya maziwa. Treni iliyofuata nilisimama katikati ya reli nikaipunga mpaka dakika ya mwisho, na ilibidi niruke pembeni. Honi ililia hadi kwenye kona.

"Leo amekusalimu kwa muda mrefu kuliko juzi," alisema mrina. "Mnazoeana."

Usiku ule mvua ilinyesha kama inalipiwa, na asubuhi tuta la reli upande wa Kaliua lilikuwa limekatika. Mataruma yalining'inia hewani kama ngazi. Treni haikuja tena.

Ningeweza kutembea mwanzoni, kabla mito haijajaa. Nasema wazi kwamba sikutaka. Nikiingia Tabora kwa miguu, na matope magotini, kinyozi angekuwa ameshinda. Halafu mito ikajaa, na kutaka au kutotaka kukawa kitu kimoja.

Sijui kama nitaweza kueleza msitu ule wakati wa masika. Mji ninaujua: ukichoka na nyumba unatoka barazani, ukichoka na baraza unakwenda sokoni. Pale ukitoka nyumbani unaingia kwenye miti, na ukipita miti ile unakuta miti mingine ya sura ile ile. Majani yalikua kila siku. Yalipanda tuta, yakaingia katikati ya reli, yakafunika mataruma, nikawa nakwenda kila asubuhi kuyatazama kama mtu anayetazama maji yanavyopanda kisimani naye yumo. Mbung'o waliniuma kwenye mishono ya shati. Mara nyingi nilisikia kiberenge cha mafundi kinakuja, nikakimbia hadi relini, nikakuta ni mvua imeanza kupiga majani ya ng'ambo. Nilikariri ratiba ya kituo cha Japani, treni kwa treni, nikiwa nimekaa juu ya kinu.

Nilikaa kwa mama mmoja mjane, nyumba ya mwisho kabla ya reli. Sikuwa na kitu, nikawa mtu wa kuazima: kwake chungu, blanketi na unga wa mtama, kwa mrina panga na kaniki ya kujitanda, kwa mwenyekiti wa kijiji taa ya chemli na mafuta yake. Mimi, niliyekuwa nimeapa tangu utoto kwamba sitakula cha mtu! Kila nilipopokea kitu nilikitamka kwa sauti, nikasema nitakirudisha, mpaka mama akanikemea.

"Mwanangu, kula. Unga ukiwa tumboni hausikii hotuba."

Usiku wa kwanza wa homa nilimwambia nimefungwa. Nilimwambia hii si nchi, ni jela isiyo na ukuta.

"Umefungwa peke yako?" aliuliza. "Sisi tulikuwa na nyumba zetu kule mtoni. Mizinga yangu iko huko mpaka leo, mwendo wa siku nzima, na kwenda naombea ruhusa kama mtoto wa shule. Walituambia njooni kwenye treni. Tumekuja. Sasa treni ni wewe, na wewe umelala."

Mwenyekiti naye hakunificha. Alikuwa mtu mwembamba, mnyoofu, anayepandisha bendera ya chama alfajiri na kuishusha jioni kwa mikono yake, hata mvua inyeshe. "Ndugu," alisema, "wakifuta kituo hiki hawa watu nitawashikilia hapa kwa lipi? Nitawaambia wamekuja kutazama nyasi?"

Basi kilichokuwa kinangoja mwisho wa masika hakikuwa koti langu na cheo changu tu.

Siku moja mama alikuwa anachambua mtama, akaniuliza habari za kituo cha Japani. Nilimweleza kibanda, saa, mito ya benchi, kisanduku. Nilimweleza kwamba hapakuwa na mtu.

"Na kule nani alikuwa anafagia?"

"Hapakuwa na mtumishi, mama."

"Sikuulizi mtumishi. Ufagio ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Na mito ile ya vitambaa, ilijishona?"

"Sikuwahi kumwona mtu."

"Wewe ulikuwa unapita saa ya treni. Usipomwona mtu ndiyo hayupo?" Akapepeta ungo, pumba zikaniruka usoni.

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Theluji pia ilikuwa inaondolewa pale kila asubuhi. Kwa nini nilidhani inajiondoa? Majirani wa kituo kile walikuwa na zamu zao, sasa naona wazi, na chuoni hakuna mwalimu aliyelitaja kwa kuwa kwao ni jambo la kawaida kama kufunga mlango. Watu wengine wangeshika tama. Mimi nilikwenda kwa mwenyekiti jioni ile ile nikamwomba mkutano.

Tuligawana kwa nyumba kumi kumi. Kila kundi lilipewa juma lake: kufyeka majani kwenye reli, kufagia kibanda, kukagua njia asubuhi kama tuta ni zima, kutunza bendera na kukusanya nauli kwa mkono wa mtu anayejulikana na kila mtu. Sanduku niliwaachia nyuki. Mrina alisema uamuzi ule ni wa kiungwana. Nilifyeka pamoja nao, mtu wa stashahada mwenye panga la kuazima, na ndani ya siku chache reli ilionekana tena toka kona hadi kona. Nyasi zilipolala chini nikapumua.

Bendera ndiyo ilibaki. Hakukuwa na kitambaa cha kijani kijijini chenye ukubwa wa kuonekana, na hata kingekuwepo, waraka ulikataa nguo. Kisha mafundi wa genge waliokuwa wanaziba tuta walipita na habari: treni ya kwanza kesho kutwa. Baada ya hapo ilibaki juma moja tu kabla mkubwa wangu hajakaa na ratiba mpya mbele yake.

Nilikwenda kwa mwenyekiti, naye alijua nimefuata nini kabla sijaketi.

"Bendera ya chama haiazimwi, ndugu."

"Ina kijani, mwenyekiti."

"Ina kijani na nyeusi, na ina heshima. Haipungiwi mabehewa." Nje kulikuwa na watu wengi wamekaa wakingoja, na vyombo vyao vya magome vimejaa asali tangu mwaka jana. Akawatazama. "Isiguse chini," alisema mwisho. "Na jioni iwe mlingotini."

Siku ile kijiji kizima kilipanga mstari kando ya reli. Nilivaa koti langu, lililokuwa na ukungu mabegani, nikasimama mbele nikiishika bendera kwa mikono miwili. Treni ilitoka konani. Haikupunguza mwendo. Niliinua bendera juu ya kichwa. Halafu breki zikalia, mabehewa yakagongana moja baada ya jingine, na kichwa cha treni kikasimama mbele yangu kikitoa jasho.

Dereva alichungulia. Alikuwa yule yule. "Bwana Waraka," alisema, "uliandika nisisimame kwa nguo."

"Niliandika."

"Hii si nguo. Hii nikiipita, kesho naitwa kujieleza. Pandeni!"

Watu walicheka, wakapakia asali kwa fujo, mama akasukumwa ndani na chombo chake, mrina akapandia dirishani. Gadi akapuliza filimbi nami nikadandia. Kaliua ndipo nilipoona kwamba bendera ya mwenyekiti ingali mkononi mwangu.

Sikulala usiku ule. Asubuhi niliingia kwa mkubwa wangu bila kunawa, nikaweka mezani nauli ya abiria wote wa siku ile, nikampa mpango wa zamu kwa mdomo, neno kwa neno. Akauliza tena, kwa mzaha, kama tumbili amekusanya vizuri. Nikamwambia waliokusanya ni nyumba kumi, na kwamba hata Japani ni hivyo hivyo, nami ndimi ninayejua. Hakucheka. Alichukua ratiba, akaacha jina la kituo mahali pake, akanipa bendera mbili mpya za kijani. Nilipotoka nilipita kwa kinyozi kunyoa. Safari hii nilizungumza mimi, tangu povu mpaka poda.

Mshahara wa kwanza nilioupata baada ya hapo sikuula. Nilinunua kwa Mhindi wa dukani na sokoni nilivyovihitaji, nikapanda treni. Konani nilitoa kichwa dirishani. Mwanamke wa zamu alikuwa amesimama mahali pake, bendera imenyooka, majani yamefyekwa. Dereva alisimama bila neno.

Nilianza na mrina. Nilimpa panga lake limenolewa na jingine jipya, na kaniki mbili kwa moja. Kisha mama. Chungu chake nilikuwa nimekipasua wakati wa homa. Nilimletea sufuria na chungu, na kwa kuwa kwao chombo hakirudi kitupu, kimoja kilijaa chumvi na kingine sukari. Nikamwongezea gunia la mtama na blanketi.

Alilikunjua blanketi akaligeuza geuza. "Hili si langu. Langu lilikuwa na tundu."

"Nimekuletea jipya, mama."

"Na mguu wangu nitautolea wapi?" Akanipiga begani kwa kiganja, akageuka haraka kuingia jikoni.

Mwenyekiti nilimwendea mwisho. Taa ya chemli nilimrudishia na debe la mafuta. Bendera niliibeba ndani ya karatasi safi, imefuliwa na kupigwa pasi na mama yangu mzazi. Siku zote zile mlingoti wake ulikuwa umesimama mtupu. Alikuwa amewaambia viongozi waliopita kwamba bendera iko kazini. Aliikagua pindo kwa pindo.

"Iligusa chini?"

"Haikugusa."

"Jioni imechelewa kidogo," alisema, akaifunga kambani.

Niliuliza kijiji kizima, kwa sauti, kama kuna mtu mwingine ananidai, iwe kijiko au moto wa kuwashia. Hakuna aliyedai kitu. Nilikaa kibandani na watu wa zamu mpaka treni ya kutoka Mpanda ilipotokea, nikapanda nikiwa sina kitu mkononi.